Mtaroni Hakuna Maneno

Temeke, Dar es Salaam
8 Februari 1953

Mdogo wangu Apolonia,

Barua yako ya Krismasi ilifika imechelewa na kona moja imelowa, lakini nimeisoma yote. Habari ya msiba wa mtoto ilinikalisha kitandani jioni nzima. Sikujua nikuandikie nini, ndiyo maana nimekawia. Mungu amweke pema. Mpe pole na shemeji yangu Revelian, ambaye mpaka leo simjui kwa sura, maana mlifunga ndoa mimi nimeshatoka jeshini na kubaki huku pwani.

Nina habari moja ya kukufariji. Nimepewa unyapara. Kampuni yetu imepata kazi ya kuchimba mtaro wa mabomba kwa ajili ya nyumba mpya zinazojengwa hapa Temeke. Ni mtaro mrefu, unaanzia upande wa Chang'ombe, na mahali pengine unazidi kimo cha mtu. Vibarua wote wako chini yangu, na Mzungu akitaka jambo ananiita mimi.

Kazi yenyewe si ngumu, wagumu ni watu. Wengi ni Wazaramo wa hapa hapa na wa Gongo la Mboto, na wengine wametoka kusini. Ungewasikia! Mmoja akianza kisa huku mwanzo wa mtaro, yule wa mwisho kabisa anamjibu bila kuinua kichwa. Mke wa nani kajifungua, nani ana homa, nani kaonekana wapi na nani. Wanaitana kutwa nzima kama wako shamba moja la urithi. Mzungu aliniuliza, "Hawa wanachimba au wanafanya harusi?" Niliona haya. Siku ya pili nikatoa amri: mtaroni hakuna maneno. Anayetaka kuzungumza achukue jembe lake arudi kwake. Wawili walidhani natania, nikawafukuza. Sasa kunasikika majembe tu, na Mzungu ameridhika.

Usinione mkali. Unajua nilivyopoteza kazi bandarini. Niliwasikiliza watu, nikakaa nao, nikacheka nao, wakagoma, na mimi nikahesabiwa pamoja nao. Tangu siku ile nimejifunza kufunga mdomo. Hata hapa ninapopanga, kwa Bi Hamisa binti Kondo, naishi vizuri kwa sababu hiyo hiyo. Mumewe, Mfaume, kila jioni ananikaribisha kahawa barazani. Nasema asante, naingia chumbani. Mwaka wa tatu sasa, na hakuna anayejua baba yangu alikuwa nani wala kwetu tuna nini. Kule kazini hata jina langu hawalijui, wananiita Nyapara, na mimi nimewaacha waniite hivyo.

Msalimie mama. Mwambie asibebe maji.

Kaka yako,
Gaudens


Kanyigo, Bukoba
1 Machi 1953

Kaka Gaudens, shikamoo.

Hongera ya unyapara. Mama ameitangaza mpaka kanisani.

Katika barua ya Krismasi nilikuficha jambo. Nilikuandikia kwamba sisi sote tuko salama, na hiyo "sisi sote" haikuwa kweli. Revelian hayupo. Aliondoka mwanzo wa Desemba, hakuniaga.

Nikueleze ilivyokuwa, maana huku kila mtu ana hadithi yake. Tangu tumzike mtoto hatukuongea. Yeye alikaa upande wake wa moto, mimi upande wangu. Nilidhani ananilaumu kwa kuwa surua ilipoanza sikuitambua mapema. Sasa naanza kufikiri kwamba naye alidhani namlaumu, kwa sababu ni yeye aliyesema tusubiri kidogo kabla ya kwenda zahanati. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Asubuhi moja nikaamka, shoka lipo, baiskeli ipo, mtu hayupo.

Wiki iliyopita Adelard, mwenye lori la kahawa, alirudi kutoka Mwanza. Anasema alimwona stesheni, akamsalimu, na Revelian akamwambia anapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi yoyote.

Kaka, nisaidie kumtafuta. Ni mrefu kuliko wewe, mweusi, na shingoni upande wa kushoto ana kovu pana la moto, aliungua utotoni. Ana medali ya Bikira Maria aliyopewa na mama yake. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mtu mkimya. Si mkimya. Ukimwanzishia maneno hachoki, atakueleza mpaka jinsi ya kufuga nyuki.

Uliza watu. Waulize hao majirani wa barazani, waulize na watu wa mtaroni. Hapa kwetu mbuzi akipotea asubuhi, kabla ya mchana unajua yuko kwenye mgomba wa nani, kwa sababu wanawake wameshaongea kisimani. Dar es Salaam ni kubwa, lakini nayo ina watu wenye midomo.

Mama hajui kwamba nimekuandikia haya.

Mdogo wako,
Apolonia


Temeke
22 Machi 1953

Mdogo wangu Apolonia,

Nimesikitika sana. Lakini usiwe na wasiwasi, nimelishika jambo hili kwa mikono yangu miwili. Nimeuliza kila mahali. Jumapili nilisimama mlangoni pa kanisa mpaka watu wakaisha, nikawatazama mmoja mmoja. Wahaya wa Kariakoo na Ilala wote wamepata habari. Hakuna aliyemwona. Akiwa mjini hapa, lazima nitamkuta.

Jambo moja nakuomba. Usimweleze kila mtu habari hii. Mume kukimbia nyumba yake ni aibu ya ukoo mzima, na mimi hapa nina watu ninaowaongoza. Kibarua akishajua kwamba dada yake nyapara ameachwa, kesho hataniogopa.

Kazi inakwenda vizuri. Mvua za masika zimeanza, wengine wameacha kazi wakalime, kwa hiyo nimechukua vibarua wapya. Sijui hata wametoka wapi. Wananionyesha kipande, ile kadi ya kazi, nasoma jina, wanashuka. Kati yao kuna mmoja anaitwa Jabiri ambaye ningependa wote wawe kama yeye. Ni mtu mrefu, amejifunga kitambaa shingoni, anachimba tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho bila kufungua kinywa. Yeye sikuhitaji hata kumkataza. Nimempeleka kule mwisho wa mtaro kwenye kona, mahali ambapo wengine hawapendi kwa sababu mchanga ni mwepesi na mtu anakuwa peke yake. Hakulalamika.

Salamu kwa mama.

Kaka yako,
Gaudens


Kanyigo
10 Aprili 1953

Kaka, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nabaki na swali lile lile. Umemwuliza nani? Umeandika "kila mahali", umeandika "Wahaya wote". Nitajie mtu mmoja. Nitajie Mhaya mmoja wa Ilala uliyemwambia, "Namtafuta shemeji yangu Revelian, ana kovu la moto shingoni." Nitamwandikia nimshukuru.

Mimi ni mwalimu, kaka. Mtoto anapokuja bila kufanya kazi niliyompa, ananiambia hivyo hivyo, "Nimefanya yote."

Aibu unayoiogopa mimi nimeshaivaa. Nikipita sokoni wananyamaza. Lakini hao hao wanaonyamaza ndio walioniletea habari ya Adelard, kwa hiyo nawasalimu na kusimama nao.

Sasa nikuambie lile lililobaki. Nina mimba. Revelian alipoondoka nilikuwa nimeshajua, na sikumwambia. Niliogopa kwamba nikimtajia mtoto mwingine angedhani nimemsahau yule wa kwanza. Nilisema nitamwambia Jumapili, halafu Jumapili nyingine. Akaondoka hajui. Mtoto atazaliwa kabla ya Julai.

Ukimpata, usimgombeze na usimwambie arudi. Mwambie hilo moja tu, halafu aamue mwenyewe.

Kama wewe huwezi kuwauliza watu, nitawauliza mimi.

Apolonia


Kanyigo, Bukoba
28 Aprili 1953

Kwa Bi Hamisa binti Kondo, Temeke.

Mama, shikamoo. Hunijui, nami sikujui, nisamehe kwa kukuingilia. Mimi ni Apolonia, mdogo wake Gaudens, mpangaji wako. Jina lako nimelipata katika barua yake.

Namtafuta mume wangu, Revelian. Aliondoka nyumbani mwezi wa kumi na mbili kuja huko Dar es Salaam, hajaandika tangu hapo. Kaka yangu ananiambia kwamba ameuliza na hakupata. Labda wewe na Bwana Mfaume mmeshaambiwa, na kama mmeshaambiwa nawashukuru. Lakini naomba nikueleze mwenyewe, kwa sababu mwanaume akieleza sura ya mtu husahau mambo.

Ni mrefu, akitembea anainamisha kichwa kama anayepita mlango mfupi. Shingoni upande wa kushoto ana kovu la moto. Ana medali ndogo ya shaba ya Bikira Maria, hawezi kuiacha. Anapenda sana maandazi, nyumbani nilikuwa namcheka kwa hilo.

Ukisikia lolote, hata baya, niandikie. Nimechoka kuambiwa maneno mazuri.

Mwanao,
Apolonia


Temeke
2 Mei 1953

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa mkato. Barua yako ya Aprili nimeipata, na maneno yake makali nimeyaacha yapite kwa ajili ya hali uliyonayo. Hongera. Jitunze.

Sikuweza kujibu mapema kwa sababu tumepata mkosi kazini. Mvua ilinyesha mfululizo, na mchanga ukaporomoka kule mwisho wa mtaro, ukamfunika kibarua mmoja. Ni yule Jabiri niliyekutajia. Haikuwa kosa la mtu. Afisa wa serikali alikuja, akapima, akaandika kwamba ni mvua. Marehemu hakuwa na ndugu hapa mjini. Waislamu wa mtaani wamemzika kwa heshima, na kampuni imetoa sanda.

Nimempoteza mfanyakazi mzuri. Wengine tangu siku hiyo wananitazama kwa namna nisiyoipenda, lakini wanachimba.

Habari ya Revelian, naendelea kuuliza.

Gaudens


Temeke
17 Mei 1953

Mdogo wangu mpendwa Apolonia,

Kaa chini kabla hujasoma.

Nimepata habari ya uhakika ya mumeo. Alifika hapa Dar es Salaam, akakaa kidogo tu, kisha akavuka kwenda Unguja. Nimeambiwa na mtu mwaminifu aliyesafiri naye. Anafanya kazi kwenye mashamba ya karafuu, na inasemekana ameshaoa mwanamke wa huko na kubadili dini. Inaniuma kukuandikia hivi, lakini ulisema hutaki maneno mazuri.

Usimsubiri tena. Usimwandikie mtu mwingine yeyote wa huku kuhusu jambo hili, watu wa pwani wanapenda kukuza maneno, na barua ikifika mikononi mwao inasomwa na mtaa mzima. Mtoto akizaliwa tutamlea sisi, ni wa ukoo wetu. Mimi nitafanya yote anayopaswa kufanya mjomba.

Sahau, dada. Wewe bado kijana.

Kaka yako akupendaye,
Gaudens


Temeke kwa Bi Hamisa
24 Mei 1953

Kwa mwanangu Apolonia huko Bukoba.

Salamu nyingi sana, na baada ya salamu, sie hapa wazima wa miili. Barua hii anaiandika Tunu, binti wa dada yangu, mie nasema yeye anaandika. Nimemwambia asipambe neno.

Mwanangu, barua yako niliipata Ijumaa iliyotangulia hii ya juzi. Tunu alinisomea nikiwa nakanda unga. Alipofika kwenye kovu la shingoni nikamwambia, "Rudia." Akarudia. Alipofika kwenye medali, Mfaume aliyekuwa anasikiliza mlangoni akakaa chini pale pale alipokuwa.

Mumeo amefariki, Apolonia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amefariki kwenye mtaro wa mabomba hapa Temeke, mchanga ulimwangukia. Sie tulimjua kwa jina la Jabiri, kwa sababu alipata kazi kwa kipande cha Jabiri wa Gongo la Mboto aliyeacha kazi kwenda kulima. Wengi hufanya hivyo. Mume wangu Mfaume ndiye anayeosha maiti wa mtaa huu. Alipomwosha aliona kovu la moto shingoni chini ya kitambaa, na ndani ya pindo la kaptula akakuta kimedali kimeshonwa. Akamwendea kaka yako pale nje, akamwambia, "Mwinyi, huyu naona si mwenzetu, huenda ni Mkristo wa bara kama wewe. Ingia umtazame, pengine utamtambua." Kaka yako alisimama mlangoni. Akasema, "Simjui. Kipande chake kinasema Jabiri. Mzikeni." Hakuingia.

Basi tukamzika kwa dini yetu. Kama tumekosea, utusamehe, tulifanya kwa nia njema. Medali ninayo, nitakutumia kwa mkono wa mtu nitakayemwamini.

Ulisema labda tumeshaambiwa. Hatukuambiwa, mwanangu. Hatukuambiwa kitu. Hatukujua kama kaka yako ana dada, wala kama anamtafuta mtu. Siku ile ile nilipoisikia barua yako nilimngoja arudi kazini. Nikamwuliza hapo hapo uani, "Baba, kumbe shemeji yako amepotea, mbona hukutuambia?" Akasema, "Mambo ya nyumbani kwetu si ya barazani." Nikamwambia, "Huyo Jabiri tuliyemzika ndiye yeye, kila asubuhi alikuwa anapita mbele ya baraza hii. Alikuwa ananunua maandazi kwangu. Ungetaja kovu tu, mie ningekushika mkono nikakupeleka." Hapo ndipo alipoelewa. Niliona uso wake. Alikaa kwenye kinu, akashika kichwa, akalia, na mie nikamwonea huruma, nikamletea maji.

Alipomaliza kulia akaniambia, "Bi Hamisa, usimwandikie. Ana mimba. Nitamwandikia mimi mwenyewe taratibu." Nikaona ni haki yake, yeye ndiye ndugu. Nikamwachia wiki. Jumapili nilimwona akienda posta. Jana nikamwuliza, "Umemweleza?" Akasema, "Nimemwambia amevuka Unguja. Ni bora kwake."

Si bora. Mwanamke akae anamngoja mtu aliyekufa, au amchukie mtu aliyekufa? Ndiyo maana naandika. Akitaka kuhama, ahame.

Kuna jambo la mwisho, na hili wanalisema wachimbaji wenyewe, hasa Mwishehe aliyekuwa jirani yake pale mtaroni. Zamani walikuwa wakiitana kutwa nzima. Mtu akinyamaza kidogo wenzake wanamtania, "Umelala?" Kaka yako alipokataza maneno, wakazoea kutosikiana. Siku ile mchanga uliporomoka kule kwenye kona asubuhi, na hakuna aliyejua. Walikula chakula cha mchana. Walirudi kuchimba. Mpaka walipokuwa wanarudisha majembe jioni ndipo mtu akasema, "La Jabiri liko wapi?" Mwishehe ananiambia, "Tungekuwa tunaitana, tungejua sauti moja imekatika."

Mie mwenyewe nilimwuliza siku moja, "Kwenu wapi, mwanangu?" Akaniambia, "Mbali, mama," akatabasamu, kengele ikalia, akakimbia. Nilisema nitamwuliza vizuri siku nyingine.

Mama yako wa Temeke,
Hamisa binti Kondo


Kanyigo
14 Juni 1953

Gaudens,

Sikuamkii.

Barua ya Bi Hamisa imefika baada ya yako. Kati ya hizo mbili zilipita siku ambazo nilikuwa naamka na kumwapiza Revelian. Nilimwapiza yeye na mwanamke wake wa Unguja. Nilimwundia mwanamke huyo sura, nguo, sauti. Nilichukua shati la Revelian lililobaki nikalifanya tambara la kufutia ubao shuleni. Nilikuwa namwapiza maiti, Gaudens, na wewe ulijua.

Kwa mchanga sikulaumu. Kukataza watu wasiseme, sijui, huenda Mungu atakuuliza, mimi sikuwepo. Ninachokulaumu ni mlango. Ulisimama mlangoni, ukaambiwa uingie umtazame mtu, ukasema simjui. Na kabla ya hapo nilikuomba uulize, ukaniandikia kwamba umeuliza. Ulikuwa unatoka na kuingia nyumba moja na watu ambao wangekujibu siku hiyo hiyo.

Ulisema mtoto mtamlea. Hutamlea wewe.

Mama sijamwambia. Bado anasema kwa majirani, "Mwanangu nyapara." Habari hiyo nakuachia uiandike mwenyewe, kama unaweza kuandika kweli angalau mara moja.

Usinijibu.

Apolonia


Temeke kwa Bi Hamisa
19 Julai 1953

Kwa mwanangu Apolonia.

Salamu na pongezi. Tumefurahi kwa mtoto wa kike, Mfaume alitaka kujua amefanana na nani, nikamwambia mwanamume hafundishwi, mtoto mchanga amefanana na mtoto mchanga. Kanga mbili nimempa karani mmoja anayesafiri kwenda Bukoba, pamoja na ile medali. Nimemwambia aikabidhi mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Uliuliza habari ya kaburi. Padre alikuja, tulimwita sie wenyewe. Alizungumza na Mfaume na imamu kwa muda mrefu, hawakugombana. Wakakubaliana marehemu asisumbuliwe tena, padre akasoma sala zake pale pale, na watu wa mtaroni walisimama mpaka mwisho. Mwishehe amepanda ua wa mkwamba kuzunguka, mbuzi wasiingie.

Kaka yako amehama. Alifunga mizigo asubuhi, akaacha ufunguo dirishani. Wengine wanasema yuko Tabata, wengine wanasema amerudi bandarini. Hakuaga, basi hatujui. Baada ya wewe kumwandikia alikaa wiki nzima hatoki jioni. Siku moja alikuja barazani, akakaa, Mfaume akampa kahawa. Nilidhani atasema. Watu waliokuwapo walinyamaza, kwa kuwa wote walikuwa wameshasikia. Akanywa, akarudisha kikombe, akaingia ndani. Simtetei, nakueleza nilichoona.

Kazini kumewekwa nyapara mwingine. Wachimbaji walikataa kushuka mpaka aseme kwamba maneno yameruhusiwa. Mzungu alikasirika, wakakaa juu ya udongo, mwisho akakubali. Sasa ukipita barabarani unawasikia.

Nimekuja kwenye lile uliloniomba. Uliniomba nikawaulize watu wa mtaroni mumeo alikuwa anasema nini, alikuwa anacheka na nini, aliwahi kukutaja, ili umweleze mtoto akikua. Nilikwenda mwenyewe, Tunu akanishika mkono, maana njia ina matope. Niliwauliza mmoja mmoja. Nisamehe, mwanangu, hawana kitu. Mmoja alisema alikuwa akikohoa asubuhi. Mwingine alisema alimpa chumvi. Alipokuja, kusema kulikuwa kumeshakatazwa, na jioni kila mtu alikimbilia kwake kwa sababu ya mvua.

Nikamwendea Mwishehe, nikamwambia, "Wewe ulichimba naye bega kwa bega kabla hajapelekwa kule kwenye kona. Jitahidi ukumbuke." Aliliweka jembe chini. Kisha akaniambia hivi, na nimemwambia Tunu aandike kama alivyosema:

"Bibi, aliniuliza jambo moja tu. Ilikuwa siku yake ya kwanza, hajaijua amri. Aliniambia, 'Kaka, mie mgeni hapa mjini. Namtafuta shemeji yangu, kaka wa mke wangu, zamani alikuwa bandarini. Anaitwa Gaudens. Unamjua?' Nikataka kumwambia tuwaulize wenzetu, mara Nyapara akageuka kututazama, amesimama juu yetu hapo hapo. Nikamfinya mkono anyamaze. Akanyamaza, hakuniuliza tena. Na mie, bibi, jina la Nyapara nilikuwa silijui."

Hamisa binti Kondo